Sensa ya Hewa

Naanza kwa kusema kwamba gari la baba halikuharibika mbele ya gereji yetu. Lilipumzika. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema akiwa nyuma ya usukani, kioo kimefungwa, gazeti limefunguliwa, utadhani alikuja pale kusoma. Gazeti lenyewe la juzi.

Nikagonga kioo. Akashusha upana wa vidole viwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Gari limekwama?"

"Gari limepumzika."

"Katikati ya mlima?"

"Ndipo lilipochokea," akasema, akafunua ukurasa.

Gereji yetu iko nusu ya mlima. Barabara inaanzia bondeni, inapita langoni kwetu, inapanda mpaka kwenye tangi la maji, na nyumba ya wazazi wangu iko pale pale chini ya tangi. Kwa hiyo baba hawezi kwenda popote bila kunipitia. Na miezi miwili mfululizo alinipitia akiangalia upande wa pili wa barabara, ambako hakuna kitu ila ukuta.

Maana gari lilikuwa linaumwa. Kwenye tambarare linakwenda vizuri tu, likifika mlimani linakata pumzi. Unakanyaga mafuta, linakohoa. Unakanyaga zaidi, linakuangalia. Baba akalipeleka kwa mafundi wote wa mji, isipokuwa mmoja. Wa kwanza alibadili plagi. Wa pili alibadili pampu ya mafuta. Wa tatu aliweka bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho muda mrefu, halafu akasema ni uzee. Wa nne alikuwa fundi wa mabegi, lakini baba alikuwa anapita pale, akaona si vibaya kumwuliza.

Yule mmoja aliyeachwa ni mimi.

Nina miaka kumi na minne kwenye kazi hii. Nimefungua injini nyingi kuliko milango. Na baba ni mtu wa kugawa neno "fundi" bure kabisa: anayeshona viatu, fundi, anayenyoa, fundi, jirani aliyewahi kufungua dirisha lililokwama, mpaka leo anaitwa fundi na anaitika. Mimi je? Wageni wakiuliza, "Na huyu binti yako anafanya nini?" baba anakohoa kidogo, anasema, "Huyu? Huyu anachezacheza na magari." Anachezacheza! Ningekuwa nacheza ningekuwa na kucha.

Sasa ili unielewe lazima umjue baba. Baba alikuwa karani wa sensa. Ile ya kuhesabu watu. Alihesabu mlima huu wote, nyumba kwa nyumba, kizibao mwilini na kitambulisho shingoni, na tangu siku hiyo hajapona. Wageni wakilala kwetu, asubuhi kabla hawajanawa uso anawauliza, "Nani wamelala katika kaya hii usiku wa kuamkia leo?" Anahesabu ngazi, anahesabu vijiko. Nyumbani neno "sensa" linatamkwa kwa heshima, kama jina la marehemu.

Fomu rasmi alizirudisha, lakini nyumba yetu wenyewe alikuwa ameiandika kwanza kwenye daftari lake la mazoezi, na daftari akabaki nalo. Siku moja nilikuwa natafuta kalamu kwenye droo yake, nikalifungua. Kaya yetu, mstari wa tano, jina langu, umri wangu, na kwenye safu ya kazi ameandika kwa mwandiko wake mzuri: *Hana.* Wakati huo nilikuwa na miaka miwili gereji. Nilikuwa narudi nyumbani kila jioni na grisi mpaka kwenye nyusi. Nilirudisha daftari, nikafunga droo. Niliumia, nikanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza, waulizeni majirani.

Miaka kumi na miwili imepita. Ndiyo maana, nilipomwona amekwama langoni kwangu na gazeti lake la juzi, nilijiambia: leo huyu mzee ataniita fundi, apende asipende.

Baba akakunja gazeti, akashuka.

"Usiliguse," akasema. "Nakwenda nyumbani nimpigie simu fundi."

"Umpigie nani?"

"Fundi."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Yeye huyoo, anapanda mlima kwa miguu, midomo inacheza, anahesabu hatua. Ufunguo aliuacha kwenye gari. Aliusahau au hakuusahau, mpaka leo sijui.

Alipokata kona tu, nikafungua boneti.

Mwenzangu wa kazi anaitwa Redio. Ni fundi wa umeme wa magari, mtu mzima mwenye wajukuu, na jina hilo alilipata kwa sababu hazimiki. Akaja na mashine ya kupimia huku anasimulia habari za jino lake, tukaunganisha, tukawasha. Nikaangalia namba.

"Redio, hebu nyamaza kidogo."

"Nimenyamaza. Sasa lile jino..."

"Angalia hapa. Injini inavuta hewa kama kawaida, lakini sensa inaripoti hewa kiduchu."

Nieleze haraka kwa asiyejua. Gari la siku hizi lina kidude kwenye bomba la hewa, kidogo tu, kinaingia kiganjani. Kinapima hewa inayoingia kwenye injini, kinaiambia kompyuta, na kompyuta inatoa mafuta ya kulingana na hewa hiyo. Kidude kikisema hewa ni kidogo wakati ni nyingi, mafuta yanatoka kidogo, na gari likifika mlimani halina nguvu. Unaweza kubadili plagi mpaka uote mvi. Kidude hicho sisi tunakiita sensa. Nalitamka neno hilo mara thelathini kwa siku, na kila mara nina maana ya hicho kidude. Kumbukeni hapo.

Kuna njia ya kumshika mwongo huyu. Unachomoa waya wake. Kompyuta ikikosa taarifa kabisa, inakadiria yenyewe. Kama gari linapata nafuu bila sensa kuliko likiwa nayo, basi huna haja ya shahidi mwingine.

Nikaketi kwenye usukani. "Ulikatazwa kuligusa," Redio akasema. "Siligusi," nikasema, "naliendesha." Nikapanda mlima waya ukiwa umechomekwa: gari likakohoa, likasimama kwenye nguzo ya kwanza ya umeme. Nikarudi kinyumenyume, nikachomoa waya, nikapanda tena. Jamani! Lilipita nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ilibidi nigeuze haraka nisije nikampita baba mwenyewe njiani. Nikalirudisha pale pale lilipokuwa, nikaweka hata gazeti kwenye kiti kama alivyoliacha.

Tukaifungua sensa. Waya wake mwembamba wa ndani ulikuwa umegandwa na mafuta meusi, mazito. Tukaisafisha kwa dawa yake, tukaipima tena, bado inadanganya. Imekwisha, haina tiba. Nikaitia mfukoni mwa ovaroli.

Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Mafundi wanne, pamoja na wa mabegi, wameshindwa, na mimi nimeipata kwa muda wa Redio kumaliza habari ya jino moja. Nikampigia mama, kwa sababu baba simu yake huizima isichakae.

"Mama, baba amefika?"

"Yuko bafuni ananawa miguu. Kuna nini?"

"Mwambie tatizo nimelipata. Ni sensa."

"Nini?"

"Sensa! Mwambie sensa yake mbovu."

Nikasikia maji yanamwagika bafuni.

"Mama, upo?"

"Nipo. Sensa yake... mbovu."

"Ndiyo. Sensa ya hewa. Inadanganya hesabu, ndiyo maana nguvu za kupanda mlima hakuna."

"Mwanangu," mama akasema polepole, "una uhakika unataka nimwambie hivyo?"

Nikadhani haelewi mambo ya injini. Na mimi ninapoona mtu haelewi, nina tabia ya kutafuta mfano wa nyumbani kwake. Tabia mbaya.

"Nikueleze vizuri. Ni kama karani anakuja kwenye nyumba, anakuta watu kumi, yeye anaandika watatu. Chakula kinapikwa cha watu watatu. Hao kumi watapata wapi nguvu?"

"Mungu wangu."

"Na mwambie haisafishiki. Ni ya kutupa tu."

Nikakata simu, nikaanza kuimba.

Mama alinisimulia baadaye. Anasema alisimama mlangoni pa bafu dakika nzima akipanga maneno ya kupoza, halafu kwa hofu yakamtoka yote kwa mpigo: "Mwanao anasema sensa yako ni mbovu, ni ya hewa, ulikuta watu kumi ukaandika watatu, ndiyo maana huna nguvu, na inafaa kutupwa." Baba alikuwa na mguu mmoja kwenye beseni. Anasema aliutoa taratibu, akaufuta, akaenda kabatini.

Nusu saa baadaye Redio akaniita. "Njoo uone. Baba yako anashuka na jeshi."

Jeshi lilikuwa la watu wawili. Mbele baba, amevaa kizibao cha sensa. Kizibao cha miaka kumi na miwili, na tumbo halikusubiri: kifungo kimoja tu kilikuwa kinafanya kazi ya vyote. Kitambulisho shingoni. Daftari kwapani. Nyuma mama anakimbilia, mguu mmoja ndala nyekundu, mguu mwingine ndala ya bluu.

"Nani," baba akasema hata kabla hajafika, "nani kasema sensa yangu mbovu?"

Nilikuwa chini ya gari lingine, nikaanza kujivuta nitoke. Redio akaniwahi, bila shaka.

"Shikamoo mzee. Ni mimi na yeye. Tumeipima kwa mashine."

"Kwa mashine? Sensa yangu?"

"Uongo mtupu, mzee. Tangu mwanzo hadi mwisho."

"Ilikaguliwa mara tatu! Na wakubwa!"

"Basi hao wakubwa walikuwa wanakutania."

Nikasimama, nikajifuta mikono. Nikadhani wakubwa ndio wale mafundi wa bondeni, na hasira zikanipanda upya. "Baba, hao wakubwa wako walifumba macho tu. Walikula muda wako. Mmoja wao alikuwa wa mabegi!"

"Mabegi?" baba akamgeukia mama. "Mabegi gani?"

"Mimi maneno nimeyapata kwa simu tu," mama akasema.

"Niliifanya kwa mkono huu," baba akasema, akauinua mkono. "Nilihesabu mmoja mmoja!"

Redio akamtazama kwa huruma. "Mzee, hewa huwezi kuihesabu kwa mkono."

"Hewa!" Kifungo kikaruka, kikagonga pipa la mafuta. "Nimeandika watu hewa, mimi? Kaya hewa? Mimi niliyemhesabu mpaka yule bwana aliyejificha juu ya dari akidhani nimekuja kumdai?"

Hapo ndipo nilipokiona kile kizibao. Yaani nilikuwa nakiangalia muda wote, lakini ndipo nilipokiona. Nikakiona na kitambulisho, nikaliona na daftari. Karani. Watu kumi, watatu. Ya kutupa. Loh!

Nikafungua mdomo nieleze. Lakini baba alikuwa ameshalifungua daftari, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Watu mia nne na kumi na wawili," akasema. "Hakuna wa hewa hata mmoja. Kosa ni moja. Moja tu, nalijua, na wewe unalijua, maana droo yangu huwa naifunga mpaka mwisho na siku ile niliikuta imebaki upana wa kidole." Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Mstari wa tano."

Nikauangalia: lile *Hana* lilikuwa pale pale.

"Karani haandiki anachotaka, anaandika anachoambiwa. Ndiyo sheria ya kwanza. Siku ile hukuwepo nyumbani, ulikuwa huku. Nilitakiwa nikusubiri nikuulize. Sikukuuliza." Akameza mate. "Nilitaka upate ofisi. Kiti. Feni. Nikasema nikiandika hana, labda utatafuta nyingine. Huo mstari umenikaa hapa miaka yote. Sasa kama umeamua kunianika, ungenianika nyumbani, si mlima mzima, na watu wa gereji."

Redio alizimika. Ni mara ya kwanza na ya mwisho, na nina shahidi, mama yangu.

Machozi yalikuwa yananijia, nikayazuia kwa mkono wenye grisi, ambalo ni kosa kubwa. Jicho moja limefumba, nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kile kidude, nikamwekea juu ya daftari.

"Baba. Sensa ni hii."

Akavaa miwani. Akakigeuza huku na huku.

"Hii?"

"Hiyo. Imetoka kwenye gari lako."

"Inafanya kazi gani?"

"Inahesabu hewa inayoingia kwenye injini."

"Inahesabu hewa," akarudia.

"Ndiyo kazi yake halali."

"Na inadanganya."

"Inakuta kumi, inaandika tatu."

Akafikiri. Mama alikuwa ameshaziba mdomo kwa mkono na mabega yanatikisika.

"Kwa hiyo," baba akasema taratibu, "hukuwa unasema habari za ule mstari."

"Hapana."

"Hukuwa hata unaukumbuka."

Ningeweza kusema ndiyo, mambo yaishe. Lakini mimi na uongo hatuelewani.

"Nilikuwa naukumbuka," nikasema. "Kila siku."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia. Halafu Redio akawaka tena, afadhali. "Mzee, samahani, ni nani aliyeimwagia sensa mafuta? Imegandwa kweli kweli."

Baba akaangalia ukuta wa upande wa pili. "Kila Jumamosi huwa napaka mafuta kidogo humo kwenye kisafishio cha hewa."

"Kwa nini?" nikauliza.

"King'ae."

"Ndani ya kisanduku? Kifuniko kimefungwa? King'ae kwa ajili ya nani, baba?"

"Mimi ninajua kuwa kinang'aa," akasema. Mama akashindwa kabisa, akakaa juu ya tairi akacheka mpaka ndala ya bluu ikamtoka.

Nyuma ya gereji kulikuwa na gari kama lile lile, lililogongwa, ambalo mwenyewe ameliacha litolewe vipuri. Nikachukua sensa yake, nikaipima, nikaifunga kwenye la baba. Dakika kumi. Baba alisimama pembeni yangu muda wote akiwa na kizibao wazi, na niliposema "bisibisi" alinipa bisibisi, na niliposema "si hiyo, ile ndogo" alinipa ndogo, bila neno. Nikayakausha mafuta ndani ya kisafishio cha hewa, nikamtazama. Akaangalia chini.

Tukapanda gari, baba kwenye usukani, mimi pembeni. Mama alisema atakuja kwa miguu, hajachoka kucheka. Baba akatia gia, akakanyaga mafuta kwa woga, na gari likaondoka kama limesikia jina lake linaitwa. Nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Midomo ya baba inacheza, anahesabu nguzo. Ya kumi na moja, tukatokea kwenye tangi la maji. Akasimamisha, akazima injini, akavuta breki ya mkono, akaivuta tena kwa uhakika.

Nikasubiri aseme. Alitoa kalamu kwenye mfuko wa kizibao, akaweka daftari juu ya usukani, akafungua ukurasa ule, akakohoa kikarani.

"Jina?"

"Baba, si unalijua?"

"Karani haandiki anachokijua. Jina?"

Nikamtajia. Akalinganisha na lililoandikwa, akaweka alama ya vema.

"Umri?"

Nikamtajia. Akaniangalia kwa mshangao kidogo, kama hakutegemea nimefika huko, akasahihisha.

"Katika siku saba zilizopita, umefanya kazi yoyote?"

"Baba, niangalie uso."

"Jibu swali."

"Nimefanya."

"Kazi gani?"

Na hapo, mimi mwenye mdomo wote huu, nilikwama. Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi, haiendi mbele, hairudi nyuma. Alinisubiri. Hakuniharakisha, hakuangalia ukuta. Angenisubiri pale mpaka kesho.

"Fundi," nikasema. "Fundi magari."

Akakata lile neno la zamani kwa mstari mmoja ulionyooka, pembeni akaandika jipya, akaweka saini na tarehe, akapuliza wino ukauke. Akanionyesha niusome, kwa sababu ndiyo utaratibu. Nikausoma. Nikausoma tena, nikamrudishia.

Akafunga daftari, akawasha gari, akaangalia kioo cha pembeni, akakunja uso.

"Haya fundi," akasema, "hebu shuka uniangalizie tairi la nyuma, naona kama limekaa vibaya."

Tairi halikuwa na kitu. Nilishuka nikalikagua lote.